Jinsi Debe Letu Lilivyoingia Kitabuni

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye kioo cha saiba, duka la kompyuta, hapa Landless, Thika, katikati ya karatasi ya mtu aliyepoteza mbwa na nyingine ya nyumba ya kupangisha. Mimi nilikuwa nimeenda kutoa kopi ya kitambulisho, maana chama chetu cha akina mama kilikuwa kinaitaka. Nikalisoma polepole, kwa midomo, kama ninavyosoma kila kitu. Waandishi wa hadithi tunakutana Ruiru, Jumamosi ya pili ya kila mwezi, saa nane mchana, wote mnakaribishwa. Nikarudia hapo kwa "wote".

Nikamwuliza mama mwenye saiba, "Hawa wakisema wote, wanamaanisha hata mimi?"

Akaliangalia tangazo, halafu akaniangalia mimi, nyanya mwenye mvi. "Kwani shosho wewe ni mwandishi?"

"Niko na daftari nne."

"Haiya! Basi enda. Wakikufukuza urudi hapa tuwatukane pamoja."

Niliacha shule darasa la tatu, mama yangu alipojifungua pacha na mtu wa kumbeba mmoja wao akawa ni mimi. Kusoma nilijimalizia mwenyewe, kwa Biblia na kwa magazeti ya kufungia nyama. Kuandika nilianza uzeeni, mzee wangu alipoaga na watoto wote wakawa na kwao. Kuna wanaobaki peke yao wakaanza kufuga kuku. Mimi nilianza kuandika watu. Kila mtu niliyewahi kukaa naye, hata wiki moja, ninajua jina lake, la mama yake, na aliyepewa jina hilo kutoka kwake. Kanisani wakitafuta jina la mtu aliyebatizwa zamani huniuliza mimi kwanza, ndipo wafungue kitabu. Vyeti sina, lakini hicho kichwa ninacho, na nimekuwa nikijivunia tangu nikiwa msichana.

Daftari la nne ndilo lilikuwa na ile hadithi. Jambo lenyewe lilinipata nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa tatu. Tulikuwa tunachuma kahawa katika shamba moja kubwa upande wa Ruiru. Leo pale ni maploti na maghorofa, huwezi kujua kama kulikuwa na mti. Uchungu ulinishika asubuhi, katikati ya mistari, debe langu likiwa na kahawa ya kufunika chini tu. Wanawake tuliokuwa tukichuma pamoja walinizungushia leso. Mmoja akanipokea mtoto, akamkata kitovu, na wengine wakaendelea na kazi wakiimba ili nyapara asisikie nikilia. Wakati wa kupima ulipofika, debe langu lilikuwa limejaa mpaka juu. Kila mmoja wao alikuwa amepita hapo akaweka viganja vyake. Nyapara akasema debe hilo halikujazwa na mwenyewe, akainama alimwage. Wale wanawake wakakaa chini, wote kumi na mmoja, juu ya magunia. Wakakaa tu, wakamwangalia, mpaka akaliandika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kwenye daftari niliigeuza kidogo. Mimba nikampa mwanamke mwingine, mdogo kuliko nilivyokuwa, na mwisho nikaleta nyuki wakamfukuza nyapara hadi mtoni. Nyuki hawakuwako. Niliwatunga mimi, na nilikuwa nimewapenda sana.

Kile chumba cha Ruiru kilikuwa nyuma ya kanisa, viti vya plastiki vikiwa vimepangwa kwa duara. Tulikuwa watu tisa. Mkubwa wao alikuwa mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiswahili maisha yake yote. Kando yake aliketi dada mmoja mwenye saluni kule Kamakis, ambaye huandika hadithi za mapenzi zinazonifanya niangalie dirishani zikisomwa. Kulikuwa pia na soja wa geti, mwanamume wa makamo, baba wa watoto watatu, anayeandika mambo ya majini na nyumba zisizolalika. Ukifika, unaandika jina lako kwenye karatasi ya mahudhurio, halafu unaketi.

Na walikuwa na sheria moja. Ukimaliza kusoma hadithi yako unafunga mdomo. Kila mtu atasema analosema, wewe hujibu, hujitetei, mpaka mzunguko uishe. Mwalimu alinieleza mara mbili, nadhani aliniona sura.

Nikasimama nikasoma. Hakuna aliyewahi kuniambia nisome kitu changu mbele ya watu.

Mwalimu akavua miwani. "Mama, sauti yako ni nzuri, na hilo debe nimeliona kwa macho. Lakini majina kumi na mawili katika ukurasa mmoja! Hii ni hadithi ama ni rejista?"

Dada wa saluni akasema, "Mimi nilipotelea kwa huyo wa nne, shosho. Sikurudi tena."

"Mimi nilidhani tunasomewa marehemu na walioachwa," akasema soja.

Wakacheka. Nikashindwa kujizuia. "Wewe, huyo wa nne ndiye alimkata mtoto wangu kitovu!"

"Shosho! Mdomo!" wakapiga kelele wote.

Halafu wakaanza kutazamana. Mwalimu akauliza polepole, "Mtoto wako? Si umesema ni ya kubuni?"

"Ni ya kubuni," nikasema. "Nyuki nimewatunga."

Soja akashika kichwa. "Nyuki ndio mimi nimewaamini kabisa! Hilo debe ndilo nimelishuku. Watu kumi na mmoja wakubaliane, Kenya hii?"

Nilirudi Thika siku hiyo nikiwa nimechoka kama mtu aliyelima, na mwezi uliofuata nilikuwa wa kwanza kufika. Mahali pengine pote mimi ni mama wa fulani ama nyanya wa fulani. Pale mtu akikukuta mlangoni anakuuliza, "Umeandika?" Sijui kama mnaelewa raha ya kuulizwa hivyo.

Mwezi wa nne ama wa tano hivi, Mwalimu akaja na barua aliyoichapisha kutoka kwa simu yake. Mchapishaji mmoja wa Nairobi alikuwa anakusanya hadithi fupi za kitabu kimoja, na kila kikundi kingetuma tatu. Tukapiga kura ya mikono. Ya dada wa saluni ikaingia, ya Mwalimu ikaingia, na ya tatu ikawa yangu. Niliona mikono yote juu, hata ya soja, na hadithi yake ilikuwa inashindana na yangu.

Ndipo Mwalimu akasoma masharti. Iwe imepigwa chapa, itumwe kwa imeli, isizidi kurasa kadhaa. Na majina ya watu wa kweli yasitumike, wawe hai ama wafu.

"Basi yangu isiende," nikasema.

"Woi, shosho, kiburi ni cha nini?" Huyo alikuwa dada wa saluni.

Haikuwa kiburi. Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza. Mvulana wa kwanza huitwa jina la baba wa babake, wa pili la baba wa mamake, na wasichana hivyo hivyo kwa nyanya zao. Kwa hivyo jina lina mtu nyuma yake na mtu mbele yake. Nikifuta jina la yule aliyemkata mtoto wangu kitovu, nimemfuta na mjukuu wake anayeuza nguo sokoni Thika na kunisalimia kila Jumatatu. Na wale wanawake hawakuwahi kushukuriwa na mtu. Nilitaka waandikwe, jina kwa jina, katika kitabu chenye jalada gumu. Kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wamebaki hai watatu.

Mwalimu alinisikiza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mama, ukikataa watabaki kwa daftari. Daftari likinyeshewa je?"

Hilo neno nilienda nalo nyumbani likanikalia kifuani. Tulikuwa na wiki nne, na tulikubaliana tukutane kila Jumamosi mpaka ziishe. Nikaketi mezani nikaanza kubadilisha. Ilikuwa kazi mbaya. Kila jina nililotaka kumpa mtu lilikuja na uso wake. Niliandika moja, nikaona shangazi yangu. Niliandika lingine, nikamwona mama aliyekuwa akituuzia maziwa. Wanawake nikawapachika hivyo hivyo, kwa shida. Kwa nyapara sikuhangaika. Jina lilinijia lenyewe, zito, la kizamani, ambalo siku hizi halisikiki. Nikasema huyu nimempata.

Jumamosi nikawasomea. Nilipofika pale nyapara anapoinama kumwaga debe, soja akasimama.

"Shosho, hilo jina umelitoa wapi?"

"Nimelitunga."

"Umelitunga." Akatikisa kichwa. "Hilo ni jina la guka yangu, baba wa baba yangu. Na ni langu. Liko hapo."

Akaonyesha karatasi ya mahudhurio. Sisi sote tulimwita kwa jina lake la kanisani, lakini pale kwenye karatasi, kila mwezi, alikuwa ameandika yote mawili, na kila mwezi nilikuwa nimetia langu chini ya lake. Kichwa changu, kile ninachojivunia, kilikuwa kimelichukua kikaliweka, halafu kikanipa kama kitu changu. Nikalitia kwa mtu mbaya kuliko wote niliowahi kumjua.

"Guka yangu hakuwahi kumwaga debe la mtu," akasema. Akachukua koti lake akatoka. Hakubanga mlango. Ingekuwa afadhali angeubanga.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Jumatano nikatengeneza chai ya maziwa nikaitia kwenye chupa, nikachemsha nduma, nikaenda hadi anakofanya kazi, geti la mtaa mmoja wa nyumba mpya kati ya Ruiru na Kamakis. Aliniona kwa mbali akaleta stuli yake mwenyewe nikae.

"Nimekuja kukuomba msamaha," nikasema. "Na kumwomba guka yako."

Akamega nduma. "Baba yangu huniita 'baba' mpaka wa leo, shosho. Nikiingia kwake anaamka kwa kiti. Sasa nikimpelekea kitabu cha kikundi chetu, akute babake ananyanyasa wanawake kwa kahawa, nitamwambia nini?"

"Sikujua kwamba ninalijua. Nilifikiri limetoka kwangu."

"Wewe? Kusahau ulikosikia jina?" Akaanza kucheka kidogo, kwa pua. "Wacha hao wengine wasijue. Watakukejeli mpaka Krismasi."

Gari likapiga honi mara mbili fupi. Akakimbia akafungua, akapiga saluti, akarudi kwa nduma yake.

"Huyo ni nani?" nikamwuliza.

"Jina sijui. Huyo ni wa honi mbili. Kuna mwingine hapigi honi, anawasha taa tu, mchana. Kuna mama hushusha kioo kidogo hivi, kama anaogopa nikiingiza mkono. Wote nawajua hivyo. Ukiniuliza nani alirudi akilia wiki jana, nitakwambia. Lakini jina, hata moja sina."

Nikakaa kwa hiyo stuli mpaka chai ikapoa. Maana nilikuwa nimewaona wale wanawake, wote, nikiwa hapo tu kwa geti la watu. Niliona mikono yao. Mwaka mzima tulikuwa tukichuma bega kwa bega na tulichoangalia ni mikono. Kulikuwa na yule wa mkono wa kushoto, kila mtu alimwachia mwisho wa mstari. Kulikuwa na mwenye kidole cha shahada kilichofungwa utepe mwekundu, jeraha lisilopona. Mmoja viganja vyake vilikuwa vidogo kama vya mtoto, na ndiye aliyerudi kwa debe langu mara mbili ili na alichoweka yeye kionekane.

"Chai imepoa," soja akasema.

"Wacha ipoe," nikamwambia.

Nikaandika upya, bila jina hata moja. Dada wa saluni akakubali kunipigia chapa kwa simu yake, kwa hivyo siku tatu nilishinda kwake Kamakis nikisoma kwa sauti kubwa, moshi wa nyama choma ukiingia mlangoni, yeye akisuka akiacha, akiandika akiacha. Wateja wakaingilia hadithi. Mmoja, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama, akauliza, "Huyo wa utepe, alikuwa ameolewa?"

"Kaa kichwa wima, wewe," akamwambia dada.

"Si nataka tu kujua!"

"Alikuwa ameolewa," nikasema. "Vibaya."

"Ndiyo, nilijua! Andika hiyo."

Nikaiandika. Ni sentensi nzuri mpaka leo.

Jumamosi ya mwisho soja alikuja, akaketi mahali pake, akakunja mikono. Nikasoma. Hapakuwa na aliyepotea kwa wa nne. Mzunguko ulipomfikia akasema, "Sasa nyapara umemwita nani?"

Safari hii nilikuwa nimeifunga midomo barabara. Mwalimu ikabidi aniruhusu.

"Viatu," nikajibu. "Tulikuwa tumeinama siku nzima. Yeye tulimjua kwa viatu."

"Viatu," akarudia. Akatingisha kichwa chini na juu, polepole. "Hiyo iende Nairobi."

Ikaenda. Miezi ikapita nikaamua imekataliwa, nikaanza kuandika kitu kingine. Siku moja nikiwa ninaanua nguo, dada wa saluni akapiga simu. "Shosho, keti chini."

"Sina pa kukaa, niko kwa kamba."

"Basi shika kamba. Wameichukua! Yako na ya Mwalimu. Yangu wamekataa, waache tu, nitawaonyesha."

Nilimpa pole yake na nikalia furaha yangu, vyote kwa simu moja. Mhariri alitaka jambo moja tu libadilishwe, akasema nyuki hawaaminiki. Soja aliposikia alikasirika kuliko mimi. Mimi nikakubali bila maneno. Nyuki walikuwa wangu, ningeweza kuwatoa.

Kitabu kilizinduliwa hapa Thika, mchana, katika ukumbi mdogo uliojaa. Nilikuwa nimeomba viti vitatu vya mbele. Wajukuu wao wakawaleta, wale wanawake watatu waliobaki, mmoja kwa fimbo, mmoja kwa kiti cha magurudumu, na wa tatu kwa miguu yake na mdomo wake. Sikuwa nimewaambia hadithi ni ya nini. Niliwaambia tu wavae vizuri.

Nikapanda pale mbele na kitabu mkononi. Hakikuwa na jalada gumu, lakini kilikuwa kitabu, na jina langu lilikuwa ndani, la mtu wa darasa la tatu. Nikasoma mpaka nikafika kwa mkono wa kushoto, aliyeachiwa mwisho wa mstari.

"Ni yeye!" sauti ikatoka kwenye kiti cha magurudumu. Akataja jina. Lote, la mama yake na la baba yake, kwa nguvu, kama anaita mtu ng'ambo ya mto.

Mhariri akainuka kidogo. Mwalimu akamshika mkono akamwambia kitu sikioni, akakaa.

Nikasoma utepe mwekundu. Wawili wakaitikia kwa pamoja jina la mwenye utepe. Nikasoma viganja vidogo, na yule wa fimbo akasogea mbele ya kiti. Akainua mikono yake juu, hivi, watu waione. Ilikuwa bado midogo. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na dada wa saluni alikuwa analia kuliko mtu yeyote, na hadithi yake haimo kitabuni.

Ikaendelea hivyo mpaka wote kumi na mmoja. Mimi nasoma mkono, wao wanatoa jina. Mara moja walibishana, mmoja akisema aliyekuwa akiimba ni huyu, mwingine akisema ni nduguye, nikangoja wamalize, na hawakumaliza, nikawaambia ni nduguye. Hilo nilikuwa na uhakika nalo. Huyo mwingine, mama wa watu, alikuwa hawezi kushika hata tuni ya kanisa.

Kisha nikafika kwa Viatu. Yule wa tatu, wa mdomo wake, akakaa wima, akavuta pumzi, na nikaona jina likipanda kooni mwake. Nami nilikuwa nalo kwenye ulimi, lake la kweli, si lile la guka wa soja, tumelibeba sisi wanne miaka yote hii.

Nikainua mkono. "Huyo mwache."

"Kwa nini nimwache? Baada ya yale yote?"

"Na yeye ana wajukuu wenye jina lake," nikamwambia.

Nyuma, karibu na mlango, soja alikuwa amesimama na babake mzee kando yake. Yule mama akafunga mdomo, akajikunja kwenye leso yake, akanionyesha kwa kidevu niendelee. Nikalamba kidole, nikafungua ukurasa.